Mashemeji Wawili na Mjadala wa Maisha Magumu

Mwalimu mkuu wetu alirudi kutoka semina mjini akiwa na neno jipya: mjadala. Alilitamka wiki nzima, ofisini, mstarini, hata alipokuwa akitugawia chaki. Vyama vingi vilikuwa vimeingia juzijuzi tu, uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa ulikuwa unakaribia, na huko semina walikuwa wameambiwa kwamba watu wazima wenye mawazo tofauti wanaweza kukaa pamoja wakazungumzia uchumi bila kurushiana mawe. Sisi wa Mkolani tulitakiwa kuonyesha mfano.

"Wewe ulikuwa unafundisha siasa," aliniambia. "Utaongoza."

Nilimweleza kwamba somo lenyewe lilikuwa limebadilishwa jina, na mengi niliyowafundisha watoto mwaka uliopita nilikuwa sina hakika nayo tena. Akasema hiyo ndiyo sifa aliyokuwa akiitafuta.

Wagombea waliokubali kuja walikuwa wawili, na walikuwa mashemeji. Wa chama cha zamani alikuwa mzee aliyefanya kazi ya kufuma katika kiwanda cha nguo mpaka alipopunguzwa kazini. Wa chama kipya alikuwa muuza mitumba, na mke wake alikuwa mdogo wake yule mzee. Yule mama alikuja mapema, akachagua kiti cha mbele, akakaa na kanga yake ameifunga vizuri, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Tulitoa ubao nje, nikaandika: Kwa nini maisha yamekuwa magumu, na tufanye nini? Kipaza sauti kilikodiwa pamoja na betri ya gari. Ikawa hiyo ndiyo bahati mbaya yetu ya kwanza, maana kila aliyekishika alisahau kabisa kilichoandikwa ubaoni.

"Huyu anawavalisha nguo za marehemu wa Ulaya," mzee alianza. "Halafu anataka mtaa."

Watu walishangilia. Muuza mitumba akapokea kipaza sauti. "Na huyu alikuwa analala juu ya marobota ya pamba kiwandani. Kiwanda kilipokufa, ilibidi aamshwe aambiwe."

Hapo walishangilia zaidi. Niligonga kengele ya shule, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, ili watulie. Ilikuwa Jumamosi, lakini watoto wa nyumba za jirani waliposikia kengele walikuja mbio, wakapanga mstari mbele ya wagombea, wengine na fagio zao. Ilinibidi niwarudishe nyumbani. Baada ya hapo sikuthubutu kuigusa tena, nikabaki kuinua mkono ambao hakuna aliyeutazama.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka mzee alipofika kwenye ombi lake. Alikuwa Msukuma wa Sengerema, na herufi fulani hazikuwahi kumtii. "Ndugu zangu," akasema kwa sauti nzito, "naomba kula zenu."

"Kula yetu umeiona wapi, kaka?" mdogo wake akamuuliza kutoka kiti cha mbele. "Unga wenyewe umepanda. Kaeni chini wote wawili mtuambie umepanda kwa nini."

Watu walicheka mpaka vumbi likatimka. Mzee alipotaka kujibu, betri ikaisha. Alikipiga kipaza sauti mara kadhaa, akakitazama kwa huzuni, kisha akaketi kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yakamfika kidevuni. Shemeji yake akaketi kando yake. Na kwa kuwa hakukuwa tena na kitu cha kupigia kelele, wakaanza kuzungumza.

Mzee alisema kiwanda hakikuuawa na mitumba peke yake. Vipuri vilikuwa haviji, umeme ulikatika katikati ya kazi, na wakubwa walikuwa wakiandika kwamba kila kitu kiko sawa. "Na sisi tulinyamaza," akaongeza, "maana mshahara ulikuwa bado unatoka."

Nilitegemea muuza mitumba ashangilie. Badala yake alijikuna kichwa. "Shemeji, nitakwambia jambo. Mlipopunguzwa, nilifikiri mtakuja kununua kwangu, maana mitumba ni rahisi. Hamkuja. Wateja wangu walikuwa ninyi wa kiwandani."

"Sasa serikali itoze kodi mitumba?"

"Ikitoza, nitafunga. Isipotoza, hakuna atakayefuma. Sijui, shemeji."

"Hata mimi sijui," mzee akasema.

Nimehudhuria mikutano mingi ya kisiasa tangu siku hiyo, na sijasikia tena wagombea wawili wakisema neno hilo mfululizo. Nilisisimka. Nikageuka kuutazama umati, nikakuta nusu wameondoka. Baba mmoja aliyekuwa amesimama nyuma kwa muda wote huo alinijia taratibu, akavua kofia.

"Mwalimu, mjadala unaanza saa ngapi?"

Waliobaki, wengi wao akina mama, walisogeza viti karibu. Waliuliza kuhusu mashine ya kusaga, na kuhusu kufukuzwafukuzwa wakiuza dagaa na nyanya kando ya barabara. Mashemeji walikubaliana jambo moja: mtaa ulihitaji eneo la gulio. Katika mengine yote walipingana, ila kwa adabu, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize.

Uchaguzi ulipofika, walishindwa wote wawili. Alishinda mgombea wa tatu, ambaye hakuja kwenye mjadala, ila alipita mitaani na ngoma akaahidi kiwanda. Alipoulizwa kiwanda cha nini, alisema cha kisasa.

Nilihuzunika kuliko wagombea wenyewe. Wao walimpa mwenyekiti mpya muda kidogo wa kufurahi, kisha wakaenda pamoja kwake kudai eneo la gulio. Aliwazungusha miezi kadhaa. Nadhani aliwapa mwishowe kwa sababu walikuwa wakianza kubishana hapo hapo sebuleni kwake.

Muuza mitumba aliweka meza yake pale. Mzee akanunua cherehani, akaketi kando yake, akawa anapunguza suruali za Wazungu zilizowazidi watu kiuno. Kwa hiyo ukinunua suruali ilikulazimu usubiri, na ukisubiri ilikulazimu usikilize habari za kodi, pamba na umeme mpaka pindo liishe. Wengine walilalamika. Mimi nilikuwa nampelekea hata suruali za mume wangu ambazo hazikuhitaji kupunguzwa.