Makumbusho Yenye Sombe ya Moto

Mimi ni mwalimu wa historia kutoka Kisangani, na sikuja Goma kulala hotelini. Nilitaka kuona lava ya volkano ilipopita. Siku ya pili nikakuta nyumba iliyozama kwenye mawe meusi hadi madirishani, na ngazi zilizochongwa kushuka mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Nikajua tu: makumbusho!

Nikashuka. Nikapiga picha pasi ya makaa, redio kuukuu, hata picha ya arusi ukutani. Mama aliyeketi humo nikamfanya mwongozaji wangu.

“Lava iliingilia wapi, mama?”

“Kwa dirisha ile, papa.”

“Na munafunga saa ngapi?”

“Wakati tunaenda kulala.”

Nikacheka. Mwongozaji mcheshi kweli! Akaniletea fufu na sombe ya moto, mboga ya majani ya muhogo. Mimi na diplome yangu nikawaza: kumbe wanaonyesha hadi chakula cha kienyeji! Nikala nikamaliza, nikamsifu kwa kazi nzuri.

Akaninawisha mikono, akaketi karibu, akauliza kwa upole swali ambalo kwao mgeni haulizwi kabla hajala:

“Sasa papa, weye ni mutoto wa nani?”