Kadenge wa Ratili Kumi na Tatu

Mwaka wa hamsini na sita, dresa Swaleh, mfunga vidonda wa zahanati, aliletewa Garsen mizani, daftari na magunia ya maziwa ya unga, pamoja na amri: maziwa ni ya watoto waliokonda tu. Swaleh, mtu wa Kipini mwenye hati nzuri na majivuno yake, aliuamini mshale wa mizani kuliko macho yake. Sura za watoto hakuzijua. Akina mama walizifunika leso kwa kuogopa kijicho, naye hakutaka ubishi.

Tuneya hakuhitaji hila. Mwanawe Kadenge, mwaka na miezi mitatu, alikuwa na ratili kumi na tatu. Kila alfajiri Tuneya alimwekea mkono kifuani kwanza, ndipo athubutu kumwamsha.

Siku moja akaja Gumato, mke wa mfugaji, ambaye mwanawe Jarso alinona kama ndama.

"Mama Kadenge, nipe mtoto yako kidogo. Mimi napima yeye kwa jina ya Jarso."

"Kikombe moja ya unga," Tuneya akajibu bila haya. "Na Kadenge nakunywa hapa hapa, mimi naona."

Basi Kadenge akaingia kazini, na akina mama wengine nao wakaja kumwazima. Asubuhi moja alipimwa mara sita, leso sita, majina sita, na Swaleh akaandika kwa huzuni kwamba Garsen inaangamia. Vikombe vikamiminika. Kadenge akapanda: kumi na tano, kumi na saba, ishirini. Wenzake watano wa daftarini wakapanda naye siku ile ile, ratili ile ile. Swaleh akaona ni matunda ya bidii yake, akapeleka habari kwa wakubwa. Alipongezwa kwa barua, na maziwa yakakatwa.

"Wewe haribu kazi!" Gumato akamfokea Tuneya. "Kwa nini wacha yeye nenepa?"

Tuneya alicheka hadi machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake.

Kisha kiangazi kikauma, ng'ombe wakakauka. Gumato akamleta Jarso mwenyewe, uso wazi, aombewe maziwa tena. Mshale ukasimama kwenye kumi na nne. Swaleh akautazama, akafungua daftari.

"Jarso ana ishirini," akasema. "Mizani hii imeharibika."

Gumato akambeba mwanawe. Alipotoka, Tuneya alikuwa mlangoni na kopo la maziwa ya akiba yake, akikoroga.

"Kikombe moja," akasema. "Nakunywa hapa hapa, mimi naona."