Mama Anaamini Nasomea Kwa Simu

Admin, ficha jina langu kabisa. Nusu ya vijana wa kanisa letu wako hapa na wananijua.

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasomea ualimu kwa chuo kimoja Bungoma, na huu ulikuwa mwaka wangu wa mwisho. Nyumbani ni Kibomet, Kitale. Baba alishatuacha, mama ndiye ametulea mimi na mdogo wangu kwa kufulia watu nguo. Hii simu aliniletea mwenyewe nikijiunga na chuo, akasema sasa sina kisingizio.

Shida ilianza na picha. Mwalimu akijaza ubao, sisi hatuandiki, tunapiga picha, najiambia nitasoma baadaye. Nikifungua simu nizitafute, inaingia video ya mtu anapika chapo, kisha ya harusi, kisha ya majirani wanagombana, na mwenzangu wa chumba naye ameshamaliza mada nzima. Hizo picha zimepita elfu moja. Sijasoma hata kumi, haki ya Mungu.

Si ati sijajaribu. Nimefuta app ya hizo video na kuirudisha mpaka najionea aibu. Wiki ya mitihani nilimpa mwenzangu simu anifichie, nikamwambia hata nikilia asinipe. Sikulia, nilimtukana. Akanirushia simu kitandani, na tangu siku hiyo ni salamu tu kwa sababu tunaishi pamoja.

Matokeo yametoka. Nimeanguka masomo manne na narudia mwaka mzima.

Lakini kinachoniua ni mama. Aliacha shule darasa la tano, na aliambiwa siku hizi vitabu viko ndani ya simu. Nikiwa nyumbani nimeinamia simu, mdogo wangu akiniita tuoshe vyombo, mama anamwambia, "Wachana na mwalimu, si unaona anasoma?" Mwalimu ni mimi. Basi anaosha mama mwenyewe, na mikono imechoka na nguo za watu, na mimi niko hapo naangalia mtu nisiyemjua akipaka kucha rangi. Siku moja aliuliza nasoma nini. Nikasema saikolojia ya watoto. Alifurahi jamani, akaniletea chai. Mdogo wangu alikuwa ameona video niliyokuwa naangalia, akaniangalia tu.

Juzi nilikuja nyumbani nimwambie ukweli. Kabla hata nikae, akaniambia pasta ameomba Jumapili nisimame niongee na vijana, niwaeleze vile nimesoma kwa bidii mpaka nimekaribia kumaliza. Amekubali kwa niaba yangu. Amewaambia akina mama wote wa kanisa, na sketi ameshaniazimia kwa jirani. Nikasema sawa mama.

Leo ni Ijumaa. Nikimwambia sasa, atawaangalia wale kina mama na uso gani? Nikinyamaza, nitasimama pale niwadanganye watoto wa watu, na yeye amekaa mbele ananipigia makofi. Nimechoka kujichukia.

Wenye mmewahi kukosea mzazi namna hii, nishaurini, nianzie wapi? Tafadhali tu msiniambie nizime simu. Hiyo nimeshindwa.