Risasi ya Tatu ya Fundi Mkadam

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji wa Nizwa, Oman, Mkadam Jamaldini amelala kifudifudi juu ya jamvi. Shavu lake limegusa kitako cha bunduki aliyoiunda mwenyewe, ya kwanza maishani mwake. Mbele yake, mita mia moja na hamsini, kuna karatasi iliyobandikwa kwenye ubao. Anapumua, anasita, anafyatua.

Risasi ya kwanza inapiga katikati. Ya pili inaligusa tundu la kwanza. Anafyatua ya tatu, anaangalia kwa darubini, na tundu jipya halioni. Analiona baadaye, juu upande wa kulia, mbali na wenzake kwa upana wa kiganja.

Anaiacha bunduki ipoe kwa nusu saa, kisha anarudia. Mbili zinakwenda pamoja, ya tatu inapotea, juu upande ule ule.

Leo ni Jumatatu. Kibali cha kuwapiga mbwa kinakwisha keshokutwa jua likizama, na karibu na Sinaw kuna mama ambaye mbuzi wake kumi na mmoja wamekwisha kuraruliwa.

"Mbwa akisimama karibu na mbuzi, kiganja kimoja ndiyo tofauti yao," anasema Mkadam, akiinuka na kujikung'uta changarawe magotini. "Siwezi kumpa mtu kitu kama hiki."

Mkadam ana umri wa miaka arobaini na sita. Alizaliwa Wete, Pemba, akaletwa Oman akiwa na miaka sita. Kwa miaka ishirini na miwili amefanya kazi katika karakana ya bunduki yenye leseni mjini Nizwa, kwa mshahara ambao sasa umefika rial mia tatu na ishirini kwa mwezi. Kazi yake ni fedha. Huzivisha bunduki za kale pete za fedha zinazoufunga mtutu kwenye ubao wa chini yake, zile bunduki ambazo wanaume hutoka nazo kwenye harusi na sikukuu, na mjini wanamjua kwa jina la Fundi Fedha.

Jina hilo linamkera. Anasema usiku wa Ramadhani alikuwa akisoma peke yake juu ya mitutu na risasi, akipima, akichora, akifuta. Mara tatu alimwomba mwenye karakana, Bwana Muatasim, amruhusu aunde bunduki ya kazi kutoka mwanzo. Mara mbili alichekwa. Mara ya tatu aliambiwa sawa, moja tu, na ikishindwa arudi kwenye fedha yake na wasizungumze tena jambo hilo.

Aliyeitaka bunduki hiyo ni Bi Wadha.

Bi Wadha ana miaka sitini na minane. Alizaliwa Malindi, Unguja, akaolewa na Bwana Hud, mtu wa Sinaw, na Kiswahili chake hakijabadilika tangu aondoke mjini kwao. Ni mjane wa miaka tisa. Alikuwa na mbuzi arobaini na watatu mpaka lilipokuja kundi la mbwa walioachwa na watu, wakazaana jangwani na kugeuka wakali. Mitego iliwekwa mara mbili, mbwa wakaizunguka. Mwishowe alipewa kibali cha siku tano, cha kuanza wiki kadhaa baadaye, na mpigaji akawa mwanawe Saud, mwalimu wa hesabu mjini Ibra na mlenga shabaha wa timu ya wilaya.

Bi Wadha alitaka bunduki yenye risasi nene, ile ya tatu sifuri nane. Ya marehemu mumewe ilikuwa nene, na mbwa hawa, alisema, si paka. Saud naye alitaka mtutu mwembamba na mfupi, kwa kuwa yeye ndiye atakayeubeba kwenye mawe.

Mkadam hakubishana nao karakanani. Aliwafuata mpaka zizini, akasimama pale mbwa wanapopitia, akaelekeza mkono mbele. Nyuma ya zizi ni ardhi ya mawe matupu, na baada ya mawe, hatua mia nane hivi, ipo kambi ya wachungaji. Kwenye kamba ya nguo ilikuwa imeanikwa shati la buluu.

Akauliza shati lile la nani. Saud akajibu ni la Firas, mchungaji wao.

"Risasi nene ikimkosa mbwa itadunda kwenye jiwe na itaendelea na safari," Mkadam akamwambia. "Mimi sitaki kumjua Firas kwa njia hiyo."

Akachagua mbili ishirini na tatu, risasi ndogo, nyepesi, yenye mbio, ambayo ikigonga jiwe huvunjika vipande na nguvu yake huishia karibu. Hata hivyo akamwonya Saud asipige kamwe kuelekea kambini. Mtutu akauchagua mnene, wa inchi ishirini na nne, kwa sababu chuma kingi huchelewa kupata moto, na mbwa wanaokuja kwa kundi hawamalizwi kwa risasi moja. Saud alilalamika juu ya uzito. Mkadam alimjibu kwamba mwalimu anayebeba madaftari ya watoto arobaini hawezi kushindwa na ratili mbili za chuma.

Ndipo Bi Wadha alipoleta kitambaa cha jikoni kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na pete saba za fedha, zilizotoka kwenye bunduki ya Bwana Hud, ambayo kutu ilikuwa imeimaliza. Bunduki itakayotoka nyumbani kwake, alisema, haitatoka uchi mbele za watu.

Mkadam akazipokea. Akazifunga zote saba, kama alivyofunga maelfu, mtutu na ubao wake vikakumbatiana. Kazi ilimchukua siku tatu, na karakana nzima ikaja kuitazama.

Hayo ndiyo anayoyakumbuka Jumatatu ile uwanjani, jua likiwa limeshapanda. Amekwisha kukagua skrubu zote na darubini. Anatia mkono kwenye mtutu, anahisi uvuguvugu. Anatoa karatasi mfukoni, anaipitisha baina ya mtutu na ubao kutokea mbele. Inaingia kidogo tu, inakwama kwenye pete ya kwanza.

Anakaa chini pale pale kwenye changarawe.

Bunduki za kale hupigwa mara moja, zikajazwa polepole, watu wakashangilia. Mitutu yake haipati nafasi ya kupata moto. Huu mpya, kwa risasi ya tatu, huwa umevimba kiasi ambacho jicho halikioni. Ukivimba hutaka nafasi, na pete zimeukaba, basi hujipinda kuelekea juu. Fundi aliyejisomea mitutu kwa miaka alikuwa amekosea katika kitu kimoja alichokijua kuliko wote Nizwa.

"Mikono yangu ilifanya bila kuniuliza," anasema.

Habari kama hiyo hakutaka kuipeleka kwa simu. Jioni ile ile aliendesha gari mpaka Sinaw. Bi Wadha alikuwa kwenye baraza, Saud ameketi kando yake. Mkadam akamwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaweka bunduki juu ya mkeka na kueleza yote bila kupunguza.

Bi Wadha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani waniambia fedha ya Hud ndiyo ilokosa shabaha."

"Fedha haikukosa kitu, mama. Mie ndiye niliyekosa. Nimeifunga pasipo pake."

"Miaka ishirini na miwili wafunga fedha, baba. Leo ndiyo wajua?"

"Zile zote zilikuwa za kuchezea ngoma ya razha. Hii ina kazi."

Saud aliingia kati. Ana rafiki yake, alisema, mwenye bunduki ile ya risasi nene, iko tayari, na zimebaki siku mbili. Wangeiazima, hii wakaiacha kama ilivyo, na heshima ya baba ikabaki. Wazo hilo lingewaokoa wao na haraka ya kibali, lakini lingeua jina la Mkadam pale pale barazani.

Hakujitetea. Alimuuliza Saud kama lile shati bado limeanikwa.

Saud akaangalia upande wa kambi. Bi Wadha akamtazama mwanawe, kisha akamgeukia fundi na kutandaza kile kitambaa cha jikoni mapajani.

"Zitoe hapa mbele yangu," alisema. "Moja moja, na kila moja unitie mkononi."

Ilikuwa kazi ya saa nzima. Kila pete ilipolegea ilitoa mlio mdogo, na kila mara Bi Wadha alifumba kiganja. Ilipotoka ya saba, Mkadam alimwomba tatu azirudishe, akamwonyesha mahali: nyuma ya triga, kwenye shingo ya kitako, ambako fedha haigusani na mtutu. Bi Wadha alizitazama zote saba kwa muda mrefu kabla ya kuchagua tatu.

Jumanne, uwanjani Nizwa, Saud mwenyewe alipiga risasi tano mfululizo. Matundu yote matano yalifunikwa na sarafu moja ya baisa hamsini. Lakini karatasi haikimbii wala haina meno, na kibali kilikuwa kimebakisha siku moja.

Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, Saud, Mkadam na Bi Wadha walijificha ndani ya kibanda cha majani ya mitende kando ya zizi. Firas na wenzake walikuwa wameombwa watoke kambini tangu jana yake. Mbuzi mmoja alifungwa kamba nje. Kulipopambazuka kiasi cha kuona jiwe na jiwe, mbwa walitokea, sita, hawana haraka.

Saud alimpiga wa kwanza akiwa mita mia moja na arobaini. Wengine walitawanyika. Wa pili alisimama kwenye ukingo wa wadi, lile bonde kavu, kuangalia nyuma, naye akaanguka.

Aliyebaki karibu ni mweupe, mkubwa, sikio moja limekatika. Huyo ndiye aliyekuwa akiwafungulia wenzake njia kila mara. Alisimama kwanza kwenye mwinuko, kambi ikiwa nyuma yake, na Saud akaondoa kidole kwenye triga. Mbwa akateremka. Badala ya kukimbia aliingia moja kwa moja kwa mbuzi aliyefungwa. Nyuma yake sasa palikuwa na ukuta wa mchanga, na baina ya bega lake na shingo ya mbuzi hapakutimia kiganja.

Ilikuwa risasi ya tatu, na mtutu umepata moto.

Saud alimgeuzia Mkadam macho tu, kichwa hakukisogeza. Mkadam anasema katika maisha yake hajawahi kutamani kuwa mahali pengine kama saa ile.

"Piga," akasema.

Mlio uligonga mawe ukarudi. Mbuzi alikata kamba akakimbilia zizini akiburura kipande chake. Mweupe hakuinuka.

Mbwa watatu waliosalia wamepotelea jangwani, na tangu asubuhi ile hawajaonekana. Bi Wadha amebaki na mbuzi thelathini na wawili. Mwezi huu wawili kati yao wamezaa. Pete nne zilizobaki amezirudisha kabatini, na anasema akipata mjukuu wa kiume au wa kike, yeyote atakayejua kulenga, zitakuwa zake.

Mkadam bado yuko Nizwa, bado anafunga fedha. Lakini Bwana Muatasim amempa meza yake mwenyewe dirishani, na wafugaji wawili kutoka mji wa Adam wamekwisha kuja kuulizia. Anataka leseni yake mwenyewe, afungue karakana Ibra, karibu na watu wanaofuga. Sharti la kwanza la karakana hiyo ameshaliamua. Kila mteja atapewa kipande cha karatasi akipitishe mwenyewe chini ya mtutu, kutoka mbele mpaka mwisho, kabla ya kuichukua bunduki.

Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Bi Wadha, asubuhi ile ya Jumatano, mtutu ukiwa bado wa moto. Aliipitisha karatasi polepole, kama mtu anayesubiri ikwame. Haikukwama. Akaikunja, akaitia ndani ya kile kitambaa pamoja na fedha ya mumewe, akafunga fundo.

"Haya, Fundi Bunduki," akamwambia. "Kahawa inapoa."