Diski ya Tatu

Kazini mdogo wangu wanamwita Hakikisha. Ni utani tu, maana ukimwambia umefunga mlango, atakwenda kuutikisa mwenyewe. Ni fundi wa mitambo kwenye studio ndogo ya kurekodi sauti: chumba kimoja kilichozibwa kuta kwa magodoro, na stoo yenye kompyuta ya kuhifadhia kazi. Miaka kumi na moja hajapoteza kazi ya mtu. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu wameshaanza kumwita mzembe, na wakome kabisa.

Mke wake, wifi yangu, alipata uvimbe kooni. Daktari hakuzunguka: uvimbe ukitolewa, sauti inaondoka nao. Atapona, lakini hatasema tena. Binti yao ana miaka minne. Basi wifi akaamua kumwachia mtoto sauti. Siku tatu alikaa kwenye kile chumba na glasi ya maji ya uvuguvugu, akarekodi hadithi, nyimbo za kumlaza, maneno ya siku atakayovunja ungo, ya siku atakayoolewa, na mengine ya siku atakapokuwa hamtaki mama yake hata kumwona. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Nilimwona anacheka peke yake mle ndani, roho ikaniuma nikatoka.

Siku ya nne ndiyo aliyotakiwa kulazwa.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penyewe. Mdogo wangu alinieleza mpaka nikaelewa, na mimi mambo haya sikuyasomea. Diski ukiipa kitu, inakujibu "nimepokea" kabla haijakiandika. Inakishika kwanza kwenye kumbukumbu yake ndogo ya muda, na umeme ukikatika kabla ya kuandikwa, kimekwenda. Kwa hiyo lazima uiamuru: mwaga ulichoshika, andika sasa hivi. Tena ile kompyuta ya studio inaligawa kila faili vipande, kila diski na chake, kwa hiyo amri lazima izifikie diski zote. Programu ya kuitoa hiyo amri aliiandika yeye, enzi hizo diski zikiwa mbili. Wiki ile nafasi ilikuwa imebana, akaongeza ya tatu. Vipande vikaanza kwenda huko pia. Amri ikaendelea kwenda kwa zile mbili tu.

Asubuhi ile ya siku ya nne akaziingiza rekodi zote kutoka kwenye kadi ya mashine ya kurekodia. Diski mbili zikaamriwa, zikaandika, kompyuta ikasema imehifadhi. Mwenzake alikuwa mlangoni anasubiri mashine hiyo aende nayo kwenye harusi, anamhimiza fanya basi, nachelewa. Mdogo wangu akaifuta ile kadi, akamkabidhi mashine. Hata hajageuka, umeme ukakatika jengo zima. Betri ya akiba ilikuwa kwa fundi.

Uliporudi, aliwasha akaona majina ya faili yote yamejipanga, hakuna lililopungua. Akaenda kumchukua mkewe, wakaenda hospitali. Hakusikiliza hata moja. Yeye! Mtu wa kutikisa milango!

"Kwa nini hukusikiliza?" nilimuuliza baadaye.

"Dada, nisingeweza. Ningeisikia ile sauti, nisingemruhusu aende."

Alikuja kuzifungua wiki mbili baadaye, siku moja kabla wifi hajatoka hospitali. Mngurumo. Akafungua nyingine, mngurumo. Zote thelathini na sita. Ndipo akaikumbuka ile diski ya tatu: bila vipande vyake, hakuna faili linalosomeka. Akaitafuta ile kadi, kumbe imesharekodiwa harusi mbili na mkutano juu yake. Alikesha nayo mpaka asubuhi, hakupata hata neno moja la mkewe.

Kesho yake tukamleta mgonjwa nyumbani, shingo imefungwa bendeji. Mdogo wangu akanivuta jikoni akaniambia. Mungu anisamehe, nilimfokea. Nilimwambia, "Umemuua mara ya pili!" Mtu yuko hai, amekaa sebuleni, na mimi nasema maneno kama hayo. Mdogo wangu alikuwa ameshika ukingo wa sinki, nami nikaanza kulia kwa aibu.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Sijui alisikia kiasi gani. Akamtazama mumewe, akanyanyua kidevu, yaani sema.

"Sauti zako zimepotea," mdogo wangu akasema. "Zote. Diski moja sikuiamuru iandike. Ni mimi, mama watoto. Si mtu mwingine, ni mimi."

Wifi hakulia. Akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akafungua mdomo, akasema kitu. Kitu kirefu. Midomo inakwenda, macho yamemtulia usoni, na haukutoka hata mlio, pumzi tu kwenye bendeji. Mdogo wangu akaikodolea macho ile midomo.

"Sijakuelewa," akasema. "Rudia, mke wangu. Polepole."

Akarudia. Nami nilikaza macho, wallahi sikushika kitu. Nikaanza kutafuta kalamu kwenye droo za jikoni kama mwendawazimu, naona vijiko tu.

Mtoto akavuta gauni la mama yake.

"Mama, sema kwa nguvu," akasema. "Baba hasikii."

Wifi akajaribu.