Pikipiki Chumbani

Mwaka wa themanini na sita nilifungwa miezi mitano bila kosa. Jela yangu ilikuwa nyumba yetu wenyewe pale Dabaso, na aliyenifunga alikuwa mume wangu, bwana shamba aliyevunjika goti la kulia alipoanguka na pikipiki kwenye njia ya mawe.

Mimi ni mshonaji. Kabla ya ajali nilikuwa na cherehani yangu katika duka moja Malindi mjini, nikishona sare za shule na nguo za harusi. Niliacha nikamuuguze. Mwenye duka, mama mwenye huruma, aliniahidi kunihifadhia kiti changu mpaka mume wangu arudi kazini, lakini mwaka mzima asingengoja. Kwa hiyo bwana aliponiambia, "Tuifufue hii pikipiki, nikiweza kuiendesha nitarudi kwa wakulima wangu," nilikubali mbio mbio. Yeye alitaka pikipiki yake. Mimi nilitaka atoke nyumbani.

Ilikuwa pikipiki kuukuu ya njia za porini, kutu tupu. Tuliifungua kipande kwa kipande, tukavitandaza vyote chumbani. Hewa ya chumvi ya kwetu haina subira. Chuma ukikikwangua asubuhi usikipake rangi, jioni kimeshaanza wekundu. Hapo ndipo niliponaswa. Kila nilichoanza kukisugua kwa msasa ilibidi nikimalize siku hiyohiyo. Nati zililowekwa mafuta ya taa ndani ya sufuria yangu ya wali. Spoki nilizisugua kwa majivu na ndimu, moja moja, huku bwana yuko kitandani, mguu ameunyoosha, ananisimamia.

"Hapo bado, mke wangu. Rudia."

Nilirudia. Siku nyingine nilitamani kumrushia huo msasa usoni.

Rangi ndiyo iliyonimaliza. Hakutaka rangi ya kawaida. Alitaka tangi lifanane na embe linaloanza kuiva, kijani kiyeyukie kwenye manjano na mpaka usionekane. Alipuliza kwa bomba lake la dawa ya mikorosho. Ili vumbi lisitue, madirisha yakafungwa. Nikakatazwa kupika ndani, nikakatazwa hata kufagia uwanja. Mimi, mtoto wa Rabai niliyelelewa kufagia kabla jua halijatoka, nikawa nakanyaga majani makavu mbele ya mlango wangu mwenyewe. Jirani akaniuliza kama tumefiwa, maana kwetu penye matanga hapafagiwi. Nikamjibu bado.

Nzi akitua kwenye rangi mbichi, tangi lote lilikwanguliwa tukaanza upya. Mara ya tatu nililia mbele yake. Nikamwambia nimechoka na harufu, nimechoka na joto, nimechoka naye, nataka kwenda kazini kwangu.

"Unadhani sioni?" akasema. "Hata mimi nataka utoke. Ndiyo maana naharakisha."

Kuharakisha! Nilicheka huku machozi yananitoka, nikachukua msasa.

Mwishowe ikasimama uwanjani, kiti nimekishonea kwa mkono ngozi nyeusi kwa uzi mwekundu, tangi linang'aa. Majirani walikuja kutazama. Bwana akapanda, akafungua mafuta, akauinua mguu wa kulia ili apige kiki ya kuiwasha. Goti likagoma kukunjika. Akajaribu tena mpaka jasho likamtoka. Miezi mitano tulikuwa tumetengeneza kila kitu, na hakuna kati yetu aliyelifikiria goti. Kuisukuma hadi iwake haikuwezekana, mchanga wa kwetu unameza magurudumu.

"Hebu jaribu wewe," aliniambia kwa sauti ndogo.

Nikapandisha kanga nikapiga. Mara ya nne ikanguruma, majirani wakashangilia, nami nikashangilia nao. Bwana peke yake hakushangilia.

"Na ikinizimikia huko porini," akauliza, "nani ataniwashia?"

Niliwaangalia watu wote wale. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kurudia. Nikapanda nyuma.

Jumatatu ya kwanza tulipita Malindi mjini. Alisimama mbele ya duka, akaizima pikipiki ili nipate kusalimia, alidhani ananifurahisha. Ndani niliiona cherehani yangu imefunikwa kitambaa, hakuna aliyeikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja!" Alikuwa ameshakivuta kiti changu, anakipangusa vumbi kwa kiganja. "Kaa, kaa. Sare zimenijaa hapa sijui nianzie wapi."

Niligeuka nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinama, analitazama goti lake.

"La, mama," nikasema. "Mtafute mwingine. Mimi nimepita kusalimia tu."

Nikatoka, nikapandisha kanga, nikapiga kiki. Iliwaka mara ya kwanza.