Shahidi Asiyekuwapo

Kwetu Barani nimesifika kwa kuzubaa. Tangu utotoni nikikaa kukuna nazi mawazo hunichukua. Natunga safari, nazungumza na watu wasiokuwapo, hadi nashtuka nakuna kifuu kitupu. Nilisomewa, nikanyweshwa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani, wazee wakachoka. Ukabaki mzaha wa nyumba nzima, na mzaha niliuvumilia.

Nisichokivumilia ni walichofanya siku ya arubaini ya bibi.

Ugonjwa wote wa bibi, aliyemuuguza ni mkazamjomba, mjane wa mjomba wangu mdogo. Alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Alasiri moja nikimsuka bibi nywele, tuko wawili tu, aliniambia: "Chumba cha uani ni cha mkaza mwanangu. Nikifa, asiondolewe." Nakumbuka kitana mkononi, mafuta ya nazi, na kuku aliyeingia nikamfukuza.

Hitima ilipokwisha, mjomba mkubwa akatangaza kwamba chumba kile kitapangishwa. Nikaeleza nilichoambiwa. Akanitazama, akatabasamu.

"Ulikuwapo wewe, mwanangu, au ulikuwa kwenye safari zako?"

Wakaangua kicheko, hata mamangu mzazi. Kicheko! Na mkazamjomba yuko pale pale anakusanya sahani zao, hana pa kwenda. Hasira zilinipanda nusura nimwage sinia. Watu hawa hawajui hata bibi alikuwa akinywa dawa gani, maana hawakuja kuuliza. Eti mimi ndiye nisiyekuwapo!

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nikifua, nikipika, niliirudia alasiri ile kichwani, nikimsimamisha bibi mbele yao awaambie mwenyewe, nao wanainamisha vichwa.

Siku ya kuhama nilikwenda kumsaidia mkazamjomba kufunga mizigo. Akakunja godoro, akaniuliza polepole, "Hebu niambie kweli, mwanangu. Alisemaje hasa?"

Nikafungua kinywa. Bibi akanijia, lakini sasa anasema kwa kirefu, anamtaja mjomba kwa jina, anamkemea, maneno ambayo mgonjwa yule hakuwa na pumzi ya kuyatoa. Nikayapekua upesi kutafuta yale machache ya kwanza. Nilijua yamo, lakini sikuweza tena kuyatenga na niliyoyatunga. Wamenicheka hadi nimeyafukia kwa mikono yangu mwenyewe.

Mkazamjomba akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Basi, si neno," akasema, kwa upole ule ule aliokuwa akimsemeshea bibi. "Nishikie upande huo."